Maswali na majibu: Bustani ya nyuki, vipepeo na nondo

Masika yanakaribia na maswali yenu yamejaa. Safari hii mengi hayahusu sukuma wala nyanya, yanahusu wadudu: nani anatafuna mdimu, kwa nini mpapai hauzai, nyuki weusi wanatafuta nini kwenye mbao. Nimefurahi sana kuyasoma. Kwa muda mrefu bustani zetu hapa Mombasa zimekuwa za kutazamwa tu: bogenvilia ukutani, nyasi zilizonyolewa, matofali ya kabro hadi mlangoni, na hamna hata mdudu mmoja wa kubeba chavua kutoka ua hili hadi lile. Kazi hiyo ya kuchavusha ndiyo inayotupa tikiti, boga, karakara na papai. Inafanywa na nyuki, vipepeo, nondo, mbawakawa, ndege na hata popo, na wote hao wamezoeana na mimea ya pwani hii tangu kale na kale. Karibu kila jibu langu la leo litarudi hapo: wapeni mimea wanayoijua.

Salaam aleikum Mwalimu. Nina mipapai minne. Miwili yachanua sana, maua yananing'inia kwa vikonyo virefu, lakini haishiki tunda. Iliyobaki inatoa vipapai vidogo vinavyoanguka. Jirani aniambia niipigilie misumari. — Mama wa Kisauni

Aleikum salaam, mamangu. Misumari iweke kando. Hiyo miwili yenye maua ya kuning'inia ni midume, na msumari hauwezi kuugeuza mti dume kuwa jike, utaujeruhi tu. Angalia maua kwa karibu. La dume ni jembamba, liko kwenye shada refu pamoja na mengine mengi. La jike ni nene, limekaa peke yake au mawili matatu, limebana shinani. Lisipofikiwa na chavua, kitunda hubaki kidogo, kikageuka manjano na kuanguka. Ukame pia huangusha, kwa hivyo hakikisha miti inapata maji. Lakini kama maji yapo, tatizo lako ni mgeni wa usiku ambaye hafiki.

Baada ya magharibi, zima taa ya nje na usimame karibu na mpapai dume. Bahati ikiwapo utamwona nondo mnene, mkubwa kuliko wale wanaozunguka balbu. Hatui juu ya ua. Anasimama hewani mbele yake, mabawa yakipiga kasi hata huyaoni, kisha anauingiza ulimi wake mrefu ndani. Ua dume lina mbochi, ule utamu anaoufuata. Ua jike halina kitu. Nondo hulitembelea kwa kudanganyika, na kwa udanganyifu huo sisi tunapata papai. Mtaalamu wa wadudu Mkenya, Dino Martins, alichapisha na mwenzake mwaka 2009 utafiti uliofanywa humu nchini, ulioonyesha kuwa nondo hao ndio wachavushaji wakuu wa mpapai, na kwamba shamba lililo karibu na vichaka vya asili hutembelewa zaidi.

Basi usiwafukuze. Nondo wa aina hii hukua akila majani, na mmoja wao hupenda sana matembele. Ukikuta kwenye viazi vitamu kiwavi mkubwa mwenye pembe mkiani, huyo ndiye. Mwachie sehemu ya shamba. Panda asumini ya mwituni, ile inayotambaa na kunukia usiku, kandokando ya ua. Taa ya usalama iwe inamulika chini tu, au uizime mapema, kwa sababu nondo akishavutwa na taa husahau maua. Na midume miwili kwa majike mawili ni mingi mno: dume mmoja huwatosha majike kumi. Kata mmoja. Ukipanda tena, weka miche mitatu shimo moja, kisha ing'oe usiyoitaka itakapochanua, kwa kuwa kabla ya hapo huwezi kumjua dume wala jike.

Mimi ni mpangaji ghorofa ya tatu. Sina uwanja, nina kibaraza cha hatua mbili chenye jua kali la mchana. Naweza kuwafaa nyuki, au ninunue tu maua ya plastiki? — Mpangaji, Tudor

Unaweza, na ghorofa ya tatu si kitu kwa nyuki akijua kuna chakula. Tafuta ndoo zilizopasuka au makopo ya rangi, yatoboe chini, anza na kivumbasi. Ni mmea wa kwetu, unavumilia jua na haudai udongo wa kifahari. Watu wengi hukata vichwa vyake kila vinapotaka kuchanua ili majani yazidi. Kata nusu tu, nusu iache. Maua yake ni madogo, hayana fahari machoni mwetu, lakini asubuhi utaona nyuki wa asali wakigombania nafasi, na pengine wale nyuki wadogo mno weusi wasiouma, ambao mtu asiyewajua huwadhania vijinzi.

Kopo la pili liwe la mshubiri. Pwani hii ina mishubiri yake yenyewe: mmoja wataalamu wameuita kwa jina la Rabai, mwingine kwa jina la Kilifi. Ua lake ni mrija, na wa kwanza kuufikia ni chozi, yule ndege mdogo mwenye mdomo uliopinda. Changanya udongo na mchanga na changarawe, na umwagilie kwa uchache. Mshubiri hufa kwa maji mengi kuliko kwa kiu. Omba chipukizi kwa mwenye nao au nunua kitaluni. Usiende kuung'oa porini.

Jambo moja zaidi: usiache mabaki ya chakula kibarazani. Yanawaita kunguru, na kunguru hawa waliotoka Bara Hindi hufukua viota vya ndege wadogo bila huruma. Mwaka 2024 KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, ilitangaza mpango wa kuwapunguza kwa kiasi cha milioni moja nchini. Mimi naiunga mkono kazi hiyo, kwa ajili ya chozi na wenzake.

Mdimu wangu unatafunwa. Kwanza nilidhani ni mavi ya ndege juu ya majani, kumbe yanatembea! Dukani nimepewa dawa, ninyunyize leo? — Mkulima wa nyumbani, Likoni

Usinyunyize, bwana. Hao ni watoto wa kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano, yule anayepita uwanjani kwa mwendo wa juu chini, juu chini. Wakiwa wadogo hujifanya kinyesi cha ndege ili wasiliwe. Wakikua hugeuka kijani, wakafanana na jani lenyewe. Mguse mmoja taratibu kwa kijiti nyuma ya kichwa: atachomoa pembe mbili laini za rangi ya chungwa na kutoa harufu kali. Hiyo ndiyo silaha yake yote. Haumi, hawashi. Waite watoto waone.

Mdimu mkubwa hupoteza majani kadhaa ukayarudisha mvua ikinyesha. Mche mdogo ndio unaoweza kukonda, na hapo hakuna haja ya dawa: wachukue viwavi kwa mkono, wahamishie kwenye mti mkubwa wa ndimu au malimau. Kipepeo huyu asili yake ni miti ya misituni ya ukoo huohuo wa ndimu. Tulipofyeka misitu akahamia kwetu, nasi tukamwita mharibifu.

Watu wengi huniambia wanataka vipepeo, halafu wananiuliza dawa ya viwavi. Huwezi kumpata mmoja bila mwingine. Maua ni chakula cha mkubwa, lakini mtoto anataka jani, tena si jani lolote. Kila aina ina mimea yake michache, na mingi ya mimea hiyo ni ya asili ya hapa. Tikini, lile jani linalotambaa uani lenye viua vyeupe, ambalo wazee wetu hulipika kama mboga, hulisha viwavi wa vipepeo wadogo wenye doa la buluu bawani. Sisi twaling'oa kama gugu. Bogenvilia yetu ya fahari imetoka Amerika Kusini, na kile kinachong'ara ni majani yaliyopakwa rangi. Ua lenyewe ni kile kijiua cheupe katikati, na wadudu wachache hulijali.

Wenzetu wa Gede wamelielewa jambo hili zamani. Tangu mwaka 1993, kupitia mradi wa Kipepeo, wanakijiji wanaopakana na msitu wa Arabuko-Sokoke hufuga viwavi kwa majani ya msitu huo na pupa zao, yaani viwavi waliojifunga kabla ya kuwa vipepeo, zikauzwa ng'ambo kwa maonyesho. Kwao kiwavi ni ada ya shule.

Ile chupa, irudishe kama duka litakubali. Soma kwanza kibandiko chake. Ukiona neno imidaklopridi, ujue ni miongoni mwa dawa 3 ambazo Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku zisitumike mashambani mwaka 2018 kwa sababu ya madhara kwa nyuki. Dawa hiyo huingia ndani ya mmea wote, hadi kwenye mbochi na chavua. Ndimu ikichanua, nyuki anaila.

Nataka kuweka kabro uwanja wote ili nipumzike kufagia. Mume wangu asema tuache sehemu ya mchanga. Tuamulie. — Bibi wa Mikindani

Mumeo ana haki, dada. Ulimwenguni kuna zaidi ya aina 20,000 za nyuki. Anayejulikana ni yule wa mzinga, lakini wengi wao huishi peke yao, na wengi wa hao hutaga mayai chini ya ardhi, kwenye mchanga mkavu usiokanyagwa sana. Tazama pembeni mwa uwanja wako asubuhi: ukiona vitundu vya upana wa penseli vyenye vumbi kidogo mdomoni, huenda ni mama mmoja mmoja ameweka humo chavua na yai. Hawana mzinga wa kulinda, hawashambulii mtu. Ukimwaga zege au kupanga kabro, umeziba nyumba zote kwa siku moja. Na maji ya mvua hayatakuwa na pa kuingilia. Mafuriko ya vichochoro vyetu sote twayajua.

Weka kabro njia ya gari na mlangoni. Kwingine acha. Kufagia nako si dhambi, maana uwanja uliofagiwa kwa chelewa ndio mchanga wenyewe wanaoutaka nyuki hao. Ila majani makavu usiyachome. Yasukume chini ya mwembe au nyuma ya choo, yalale hapo. Pupa nyingi hulala ndani ya majani makavu, na unapoyatia moto jioni unaunguza vipepeo wa mwezi ujao, pamoja na kuwavukiza majirani.

Mwalimu, bibi yangu alikuwa akitunga vikuba na kuuza. Sasa nataka kupanda maua yote ya kikuba nyuma ya nyumba. Yepi ni ya asili yetu? — Mjukuu, Mji wa Kale

Swali hili limenigusa, mwanangu. Kikuba, kile kishada cha maua ya kunukia, ni bustani nzima iliyofungwa kwa uzi. Asumini tunayoitunga ilitoka Asia, mlangilangi nao Asia ya kusini mashariki, waridi ni mgeni pia. Ni wageni wa heshima, wamekaa nasi, usiwaondoe. Lakini wawili ni wenyeji kabisa.

Wa kwanza ni mkadi, wa majani marefu yenye miiba, unaoota juu kidogo ya ufuo. Kadi, ua lake la kunukia, hutoka kwenye mti dume. Unataka nafasi na unachoma, kwa hivyo upande pembeni, mbali na njia ya watoto.

Wa pili ni mkilua, na huu ndio ningekuomba uuweke kifua mbele. Ni kijiti cha misitu ya pwani ya Kenya na Tanzania. Wataalamu wanauita *Mkilua fragrans*, jina lililoandikwa vitabuni mwaka 1970, na katika jenasi hiyo uko peke yake. Ni wa ukoo wa mstafeli na mtopetope, ukoo ambao maua yake mengi huchavushwa na mbawakawa wadogo, si nyuki. Ndiyo sababu maua ya ukoo huu huwa manene, yenye harufu nzito: yanawaita wadudu wagumu wanaotafuna. Porini unaishi chini ya miti mikubwa, basi usiuanike juani. Uani kwenu Mji wa Kale, kwenye kivuli cha ukuta mrefu, panaufaa kuliko viwanja vingi vya Nyali. Changanya udongo na mboji ya majani, uwe na unyevu daima. Misitu yetu ikizidi kupungua, mkilua utabaki kwenye nyimbo tu. Kila uani unaoupanda ni akiba.

Ongeza kivumbasi badala ya kutegemea rihani peke yake, na ukichuma, acha maua mengine mtini.

Nyuki wengi mno wametua kwenye tawi la mwembe tangu asubuhi, wamening'inia kama gunia. Majirani wanataka kuwachoma kwa petroli. Tafadhali jibu upesi. — Changamwe

Hilo ni kundi linalohama, limepumzika wakati wachunguzi wake wanatafuta makao. Kwa kawaida huondoka lenyewe baada ya saa chache au siku mbili tatu. Likitulia hivyo huwa pole, maana halina asali wala watoto wa kulinda. Ukilitupia jiwe, moshi au petroli, upole unaisha, na nyuki wetu wa Afrika hukimbiza mbali. Funga mbuzi na mbwa mbali, watoto wakae ndani, mashine ya nyasi isiwashwe. Likianza kujenga masega, hasa darini, muite mfugaji wa nyuki aje na mavazi yake usiku alihamishie mzingani. Mtu akishambuliwa, akimbilie ndani ya nyumba na kufunga mlango, akwangue miiba kwa ukucha bila kuiminya. Aliyedungwa mara nyingi, au anayevimba uso na kukosa pumzi, apelekwe hospitali hapo hapo.

Kiwanja changu ni mawe ya matumbawe matupu na kisima kina chumvi. Nimepanda waridi mara kadhaa zinakufa. Je, kuna kitakachoota? — Mkaazi wa Bamburi

Waridi zisahau. Wewe umekaa jirani na ushahidi mkubwa kuliko wote pwani hii. Machimbo ya saruji ya Bamburi yalikuwa jangwa la mawe hadi mwaka 1971, mtaalamu wa kilimo Rene Haller alipoanza kupanda mivinje humo. Majani yake makavu, membamba kama sindano, yalirundikana bila kuoza mpaka jongoo walipoletwa wakayatafuna na kuyageuza udongo. Juu ya udongo huo ikaota mimea mingine, na leo ni Haller Park. Kumbuka lakini kwamba mvinje huchavushwa na upepo. Umejenga udongo, hauwalishi nyuki. Usiishie hapo.

Chimba shimo kwa mtaimbo, tandika makumbi ya nazi chini ili yashike maji, jaza mboji. Kisha panda miti inayoyajua matumbawe. Mswaki ndio wa kwanza, huuhuu ambao vijiti vyake huuzwa nje ya misikiti. Unastahimili chumvi kuliko mingi, viua vyake vidogo hujaa wadudu, majani hulisha viwavi wa vipepeo weupe wenye ncha za rangi, na matunda huliwa na ndege. Kwa bustani ya Bamburi siujui mti wenye faida zaidi. Wa pili mkone, wenye maua ya kupendwa na nyuki na vitunda ambavyo watoto wa zamani walivila njiani. Ukiwa na nafasi, mkwaju. Chini tandaza mlakasa, ule wa ufuoni wenye maua ya zambarau: unafunga mchanga, haujali maji ya chumvi, na kila asubuhi maua yake mapya yana nyuki ndani.

Maji ya kisima mwagia shinani, usiyanyunyize juu ya majani. Mvua ikija, kinga ya paa kwa ajili ya miche. Chumvi iliyokaa udongoni huoshwa na maji yasiyo na chumvi tu.

Umesema mimea ya asili. Mwarobaini je? Si wetu huo? — Msomaji, Kongowea

La. Asili yake ni Asia ya kusini. Dawa yake naiheshimu na kivuli chake nimekikalia, lakini ndege na popo husambaza mbegu zake, na umeshaingia kwenye misitu na vichaka vya pwani ukaifunika miche ya kienyeji. Uliopo usiukate. Ing'oe miche inayojiotea, na usipande mwingine. Lantana nayo hivyo hivyo, hata kama vipepeo wanaipenda.

Manyuki makubwa meusi yanatoboa mbao za kibanda changu cha makuti. Wageni wanaogopa. Niwaue? — Mwenye nyumba, Shanzu

Ukiwaua, agana na karakara. Ua la karakara, wengine huliita pesheni, ni pana, na chavua yake iko juu. Nyuki wa asali hupita chini yake akala mbochi bila kuigusa. Huyu mweusi mkubwa mgongo wake unaifikia sawasawa. Biringani nayo humhitaji. Siku moja kaa karibu na ua la biringani saa mbili asubuhi. Atalikumbatia, atatulia, kisha utasikia mngurumo mfupi tofauti na ule wa kuruka: anatikisa misuli ya mabawa bila kuyapiga, na unga wa manjano unamwagika kifuani mwake kupitia vitundu vilivyo kwenye ncha za ua. Nyuki wa asali hajui kufanya hivyo. Mbaazi zetu za nazi pia zina deni kwake, maana ua la mbaazi linataka mdudu mzito wa kulifungua.

Dume hana mwiba kabisa, na jike huuma akishikwa tu. Wageni wako wako salama. Kwa mbao, zipake mafuta au rangi, kwani hutafuta mti mkavu usiopakwa kitu. Vitundu vilivyokwisha kuachwa vizibe. Halafu mpe mbadala: gogo kavu la mwembe ulilolisimamisha pembeni, au pingili za mianzi minene zilizokatwa upande mmoja.

Nataka kuwawekea nyuki maji, lakini naogopa mbu na dengi. — Mama Majengo

Una haki ya kuogopa. Tumia sahani ya kina kifupi, ijaze kokoto nyuki wasimame bila kuzama, na umwage maji yote kila baada ya siku mbili ukiisugua kingoni, mayai ya mbu hushikilia hapo. Kiluwiluwi cha mbu kinahitaji takriban wiki nzima kukomaa, hakitafika.

Kuna mbuyu kwenye kiwanja tulichorithi. Ndugu wanataka uondolewe: eti una pepo, na usiku wajaa popo. — Mrithi, Mtongwe

Popo wamekuja kazini. Ua la mbuyu hufunguka jua likizama, jeupe, kubwa, limeelekea chini, na harufu yake si ya kupendeza kwetu. Kesho yake limenyauka. Katika usiku huo mmoja ni popo wala matunda, hapa Afrika Mashariki, wanaolichavusha zaidi. Mabuyu mekundu tunayonunulia watoto mitaani yalianza na popo aliyejipaka chavua usoni. Mbuyu una nafasi ya ndege, nyuki na popo kwa vizazi, na ukikatwa hakuna kati yetu atakayemwona mwenziwe akifikia ukubwa huo. Mwaka 2022 mibuyu ya Kilifi iling'olewa ili isafirishwe hadi nchi ya Georgia, watu wakalalamika na usafirishaji ukasimamishwa. Walioilalamikia walijua thamani yake. Kuhusu pepo, mwiteni mzee wa dini asome dua, na mti ubaki. Jengeni upande wa pili wa kiwanja.

Miche na mbegu tunapata wapi? — Wengi wenu

Anzeni na kitalu cha Haller Park, na kituo cha KEFRI, taasisi ya utafiti wa misitu, kilichoko Gede. Vitalu vya kando ya barabara huuza zaidi maua ya kigeni, lakini mkiuliza mswaki, mkone na mkilua kila mnapopita, mwenye kitalu ataanza kuotesha. Mbegu okoteni chini ya miti ya barabarani na mashambani kwa ruhusa. Kwenye misitu ya kaya usichukue hata jani: ni mahali patakatifu pa Wamijikenda, na tangu mwaka 2008 zimo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO.

Mashimo chimbeni sasa, miche iingie mvua ikishashika. Mbegu za mkwaju zilaze kwenye maji usiku kucha. Za mbuyu zina ganda gumu. Zimwagie maji ya moto, ziache humo hadi yapoe, ndipo uzioteshe.